Nyekundu ya Panya na Nyekundu ya Kuku

Uholanzi,
11 Februari 2024

Mpendwa Baba mdogo Nashoni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama mdogo Eunice, na kwamba goti lake limetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Navaa soksi jozi mbili na bado vidole siviamini kama ni vyangu.

Umesema simu ya Jumapili haikutoshi, unataka nikuandikie kwenye karatasi ili uweke kwenye jalada. Karani hastaafu kumbe. Haya, nimekubali.

Uliuliza kazi yangu ni nini hasa, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo juu yake, na hizo ndizo zinazopokea sauti. Zikifa kwa ugonjwa, kwa kelele au kwa dawa fulani kali, kwa mtu hazioti nyingine. Kwa kuku zinaota. Kifaranga ukimpa dawa ya kuziua, baada ya wiki chache anasikia tena. Panya yuko kama sisi, zikifa zimekufa.

Sasa, kila seli ina jeni zote za mwili lakini nyingi zimelala. Tunachofanya ni kuhesabu, siku baada ya siku, jeni zipi zimeamka na kwa kiasi gani kwenye sikio la kifaranga linalopona, kisha tunafanya vilevile kwa panya. Hesabu zinakuwa mamilioni, hakuna jicho la kuzisoma. Kazi yangu ni kuzigeuza ziwe rangi, halafu kuziweka kwenye tovuti ya pamoja, ili mtafiti yeyote, awe Nairobi au Japani, azifungue bure na kuzitumia.

Nimekuwekea picha moja ndani ya bahasha. Kushoto ni kifaranga, kulia ni panya tuliyempa dawa ya majaribio. Kila mstari ni jeni moja, na kila safu wima ni siku. Nyeupe maana yake jeni imelala, nyekundu maana yake imeamka.

Nakuuliza tena lile la mwaka jana. Mjukuu wako Precious alipougua akiwa na miezi minane, kabla hajapoteza kusikia, alichomwa sindano gani, na kwa siku ngapi? Nikijua nitaelewa vizuri zaidi masikio yake yalipatwa na nini.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Lilian


Itiryo,
17 Machi 2024

Kwa binti yangu Lilian,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 11 Februari nimeipokea tarehe 14 Machi, imefunguliwa pembeni na kufungwa tena kwa gundi. Sijui ni nani huko njiani anayependa habari za masikio.

Huku ni wazima. Goti la Eunice linauma akiambiwa kwenda kuchota maji na linapona akisikia kuna harusi. Tumepanda mahindi, mvua si mbaya. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Dada yako Mokami bado yuko Robanda, anafua mashuka kwenye kambi ya watalii. Anasema tembo waliingia kwenye mtama wa mwenye nyumba wake wakaacha mabua tu. Anakuja kumwona mtoto wake mara moja kwa mwezi, na Precious akimwona kwa mbali anakimbia kama ndama aliyefunguliwa.

Picha yako nimeitia kwenye fremu iliyokuwa na cheti changu cha chama cha msingi cha ushirika, iko sebuleni. Nimeisoma siku tatu. Upande wa kifaranga, siku ya tatu, mistari minne ya juu ni nyekundu kabisa. Upande wa panya, siku hiyohiyo, mistari hiyohiyo ni nyekundu kabisa. Kumbe panya naye ameamka! Na wewe mwenyewe umeandika kwamba panya yuko kama sisi. Sabato iliyopita nilimwonyesha mchungaji, akaiombea mikono yako mbele ya watu wote. Precious anapanda kwenye kiti na kuweka kidole kwenye ule wekundu. Nimefurahi mno, Lilian, sitaki kukuficha.

Sasa niambie ni lini. Sikuulizi siku. Niambie tu kama ni mwaka huu au mwakani, ili nijipange.

Hayo mengine uliyouliza nitayajibu nikipata nafasi.

Baba yako mdogo,
Nashoni


Uholanzi,
28 Aprili 2024

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa na kwamba goti la Mama mdogo linajua ratiba ya harusi. Mimi ni mzima. Baridi imepungua, watu wamekaa nje kwenye nyasi kana kwamba jua ni jambo la ajabu.

Kuhusu swali lako, mambo ya utafiti huchukua muda na yana hatua nyingi. Tunaendelea vizuri. Mwezi huu watafiti mia moja na tisini wamepakua data zetu, na picha ile niliyokutumia ndiyo inayofunguliwa kuliko zote. Bosi wangu ameionyesha kwenye mkutano mkubwa na watu walipiga makofi.

Nakuandikia kwa haraka, nina kikao. Usisahau kunijibu kuhusu zile sindano.

Mwanao,
Lilian


Itiryo,
9 Juni 2024

Kwa binti yangu Lilian,

Marahaba. Barua yako fupi nimeipata. Nimeisoma mbele na nyuma, nikadhani kuna ukurasa umebaki posta.

Tunaendelea. Kahawa zimeanza kuiva upande wa chini. Jirani yetu alichungia ng'ombe kwenye migomba yangu, tumesuluhishana kwa mwenyekiti, yamekwisha. Eunice anakusalimu na anauliza kama huko kuna dagaa.

Alifika hapa mwalimu mmoja kutoka Mugumu, anaitwa Thadeo. Yeye mwenyewe ni kiziwi, alikuja na mkalimani. Shule yao ina kitengo cha watoto viziwi na bweni lake, na anapita vijijini kuandikisha watakaoanza Januari. Tulimpa chai, akanywa vikombe viwili. Nilimwonyesha picha yako. Aliitazama kwa muda, kisha akamwambia mkalimani neno moja. Neno hilo sikulipenda, kwa hiyo siliandiki. Akaondoka.

Baada ya yeye kuondoka nilikaa mbele ya picha nikawaza jambo. Unajua nilikuwa karani wa mzani wa kahawa miaka kumi na tisa. Kila msimu mkulima alikuja akibishana: nyumbani nimepima gunia langu, ni kilo sitini, kwa nini hapa ni hamsini na mbili? Nilimjibu kila mmoja jambo moja, kwamba mzani wa nyumbani kwako ni wa nyumbani kwako. Hapa gunia lako na la mwenzako yatapita kwenye mzani mmoja, ndipo tujue nani kaleta nini.

Basi nakuuliza kama karani. Nyekundu ya kuku na nyekundu ya panya, zimepita kwenye mzani mmoja?

Nijibu hilo tu. Sitaki habari za mikutano na makofi.

Baba yako mdogo,
Nashoni


Uholanzi,
7 Julai 2024

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Waambie wote nawasalimu. Mwambie Mama mdogo dagaa wapo lakini wanawekwa kwenye mafuta kwenye kopo, hawatamfaa.

Jibu ni hapana. Hazikupita kwenye mzani mmoja.

Tulimpaka kila mnyama rangi kwa mzani wake. Kwenye ule mstari wa kwanza, siku ya tatu, hesabu ya kifaranga ni mia nane na kumi. Hiyo ndiyo kubwa kwake, ikapewa nyekundu. Hesabu ya panya ni ishirini na moja. Hiyo nayo ndiyo kubwa kwake, ikapewa nyekundu ileile. Tunafanya hivyo kwa makusudi, ili ionekane jeni inapanda siku gani, na imeandikwa chini ya picha kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Lakini mimi nilikutumia bila kukueleza. Ulipoandika kwamba panya ameamka nilijua umeelewa vibaya. Nilijua tangu Aprili. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umefurahi, na mimi nilipenda kuombewa kanisani. Naona aibu.

Ulipouliza lini nilikwepa. Leo nakujibu. Hakuna dawa, Baba mdogo, si mwaka huu wala mwakani. Panya wetu hakusikia. Tulimpigia kelele siku ya tatu, ya kumi na ya thelathini, hakushtuka. Kile kifaa cha kusikia cha kupandikiza sikioni tulikiulizia Precious alipokuwa na miaka mitatu, na unakumbuka tulivyojibiwa kuhusu bei yake. Labda siku moja dawa itapatikana, yeye akiwa mama mtu mzima. Labda haitamfaa hata hapo. Sina la zaidi la kukuahidi.

Mokami ameniandikia ujumbe kwenye simu. Anasema ulimwambia mwalimu Thadeo afute jina la mtoto kwa kuwa ifikapo Januari atakuwa anasikia. Anasema amekusihi mara mbili na umemwonyesha picha yangu mara mbili. Vitanda vya bweni ni vichache na orodha inafungwa mwisho wa Oktoba. Precious ametimiza miaka sita. Hana hata lugha moja, si Kikurya, si Kiswahili, si ya alama. Anajua kuvuta nguo ya mtu na kunyoosha kidole, basi.

Nakuomba umpeleke. Ikiwa ni picha yangu iliyomzuia, itoe ukutani.

Mwanao,
Lilian


Itiryo,
13 Oktoba 2024

Lilian,

Marahaba ya barua yako ya Julai. Niliipata tarehe 2 Agosti, kwa hiyo posta siwezi kuisingizia.

Eunice hajambo. Kahawa tumevuna, tumekausha, tumepeleka.

Nilikasirika sana. Nilikasirika na wewe, halafu na panya, halafu na yule mwalimu. Neno lile aliloniuliza Juni lilikuwa "lini". Mtu mgeni, hajui habari za jeni, aliitazama picha akauliza kile nilichokuuliza wewe. Ndiyo maana nilimwondoa.

Sasa nikujibu lile unaloniuliza tangu mwaka jana. Februari ya mwaka 2019 Mokami alikuwa kazini, mtoto nimeachiwa mimi na Eunice. Akapata homa kali, hanyonyi chupa, macho yamegeuka. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nikaenda duka la dawa, nikapewa sindano, na muuzaji mwenyewe akawa anakuja kumchoma. Alisema siku tano. Siku ya tatu mtoto alikuwa anacheka. Siku ya tano nikamwambia muuzaji aendelee mpaka kumi na nne, kwa kuwa nilitaka ugonjwa uishe kabisa usirudi. Alikataa kidogo, nikamlazimisha. Nilijiona babu mwenye akili.

Mwezi uliofuata Eunice aliangusha sufuria nyuma yake na mtoto hakugeuka.

Boksi la sindano ninalo. Nililitia kwenye bahasha, nikaandika tarehe, nikaliweka kwenye jalada. Sikumwonyesha mtu. Nimekunakilia jina la dawa kwenye karatasi ndogo utakayoikuta humu ndani. Nilitaka panya wako apone, Lilian, ili nisije nikalazimika kuyasema haya.

Jumapili iliyopita nimemwambia Mokami. Aliinuka, akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi. Kisha akasema, "Baba, mpeleke shule." Usiku huohuo alinipakulia chakula kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Kesho Jumatatu nakwenda Mugumu. Sijui kama kuna kitanda.

Nashoni


Uholanzi,
10 Novemba 2024

Mpendwa Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, nikachelewa kazini.

Dawa hiyo naijua. Ndiyo tunayowapa vifaranga na panya wetu ili kuua zile seli. Nimeishika mkononi kila wiki kwa miaka mitatu. Inaokoa maisha ya watoto wengi, na yawezekana ilimwokoa Precious, maana homa ile ingeweza kumwondoa. Kuna watu wanaopoteza kusikia kwa dozi chache tu. Siwezi kukuambia kwamba zile siku tisa za ziada ndizo zilizoharibu. Wala siwezi kukuambia kwamba hazikuharibu. Ningetaka kukupa jibu jingine lakini nimeshakukwepa vya kutosha mwaka huu.

Sijakuchukia. Usinielewe vibaya kwa kuwa naandika kama daktari, nimelia kwanza.

Huku nilimpelekea bosi swali lako. Alisema kila mtafiti anajua picha za namna ile zinavyosomwa. Nikamwambia tuwaulize. Tuliwaandikia wote waliopakua data, na kumi na mmoja walijibu kwamba walidhani nyekundu ni sawa na nyekundu. Mmoja alikuwa ameshaagiza panya wa kuanzia jaribio kwa sababu ya picha yetu, na ametuandikia kwa ukali, ana haki. Sasa ukifungua tovuti yetu, rangi zinakuja kwa mzani mmoja kwanza, na hesabu zenyewe zimeandikwa pembeni. Upande wa panya umebaki mweupe karibu wote. Bosi anasema picha mpya haivutii. Kweli haivutii.

Niambie habari za Mugumu. Naogopa kumpigia Mokami.

Mwanao,
Lilian


Itiryo,
23 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Lilian,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya ingawa umeshazeeka. Eunice anakusalimu. Mvua imechelewa lakini ng'ombe wana majani. Mokami amehamia Mugumu mjini, amepata kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni, na Jumapili anaweza kwenda shule kwa miguu.

Oktoba nilipofika kitanda kilikuwa kimekwenda. Nilimwambia mwalimu Thadeo kwamba Juni nilikosea, na nikamweleza kwa nini. Mkalimani alitafsiri yote mpaka ya sindano. Mwalimu alinitazama, akaandika jina chini kabisa ya orodha. Alisema Precious atalala na mwenzake kitanda kimoja, binti wa darasa la pili anaitwa Nice, hadi kipatikane kingine.

Tarehe 13 Januari nilimpeleka mwenyewe. Tulipita Nyangoto, malori ya mgodi yametifua vumbi mpaka Precious akawa na nyusi nyeupe. Tulipoingia uwanjani watoto kama arobaini walikuwa wanaongea kwa mikono, wote kwa wakati mmoja, na hakuna sauti isipokuwa miguu yao. Nilisimama pale sielewi kitu. Mjukuu wangu alishika kidole changu dakika chache, kisha akakiachia. Nilirudi kwenye basi nikajifanya nakohoa.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Precious alikuja mbio, akasimama mbele yangu, akagusa lile kovu la juu ya jicho lake kwa kidole, kisha akafungua kiganja. Akarudia. Akarudia tena, ananitazama kama mtu anayesubiri jibu. Nikamuuliza mkalimani anataka nini. Akasema, "Anakutajia jina lake. Wenzake wamempa."

Nikamwambia jina lake analo, ni Precious. Mkalimani akamtafsiria mwalimu, na mwalimu akajibu kwa upole kwamba hilo ni jina tunalolijua sisi. Yeye hajawahi kulisikia.

Lilian, nimemwita mtoto huyo miaka sita. Nimemwita kula, nimemwita kuoga, nimemwita nikiwa na hasira kwamba hageuki. Na muda wote huo hakujua kwamba ana jina. Hakujua kwamba mtu anaweza kuwa nalo. Ningekuwa nimempeleka akiwa na miaka minne angelijua akiwa na miaka minne. Hilo sikulifanya kwa sindano, nililifanya kwa ukaidi, nalo linaniuma zaidi.

Alitaka nimwite. Mikono yangu siku hiyo ilikataa, nikagusa shavu badala ya nyusi na wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu nirudi najifunza mbele ya kioo cha Eunice, kidole juu ya jicho, kiganja wazi. Eunice anasema kwa namna ninavyokunja kidole huenda namwita mtoto wa watu.

Siku nyingine ya kutembelea ni tarehe 16 Machi. Nitasimama getini, nimngoje ageuke, nimwite. Itakuwa mara yangu ya kwanza.

Baba yako mdogo akupendaye,
Nashoni